Taco za Asubuhi

Ensenada, Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Mdogo wangu Evodio,

Mama ataacha kazi baada ya Krismasi, na kibanda anakupa wewe. Ametangaza mwenyewe jana asubuhi, ameketi kwenye kreti lake nyuma ya meza, wateja wamejaa mbele. Mimi hakuniambia kwanza. Nilikuwa nimeshika kipande cha papa kinachochuruzika rojo, nikasikia pamoja na wengine.

Tiburcio, yule dereva wa winchi bandarini, ndiye aliyeuliza. "Kwani Fidencia ana kasoro gani, Doña Herme?"

"Fidencia ana kazi yake kiwandani," Mama akasema. "Evodio ndiye aliyekulia chini ya meza hii."

"Nauliza tu. Taco zake nzuri. Ila ukiziangalia, unaona kama zimekukasirikia."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Nilikitia kile kipande kwenye mafuta, nikakigeuza kilipoiva, nikampa mwenyewe.

Unajua hali ilivyo. Tangu Februari magoti ya Mama hayamruhusu kusimama. Asubuhi nakaanga mimi, yeye anaelekeza kutoka kwenye kreti, halafu mchana naoga, harufu haitoki, nakwenda zamu ya jioni kiwandani kufunga samaki kwenye makopo. Kiwandani nafanya kwa sababu ya mshahara. Kibandani nafanya kwa sababu napenda. Sijawahi kumwambia mtu hivyo, hata Mama.

Sasa nakuambia wewe, ili usije ukalisikia kwa mwingine: kibanda nakitaka. Ni chako kwa neno la Mama, na ukikitaka sitapigana nawe. Lakini una mgahawa wako huko León, una Nazaria. Nijibu, unarudi au hurudi? Usinizungushe. Tangu jana siwezi kukaa mahali pamoja. Nimeosha kuta za jikoni, nimeosha na za uani.

Dada yako,
Fidencia

*

León, 14 Oktoba 1988

Dada,

Kuta za uani! Pole kuta.

Jibu ni fupi: sirudi. Kibanda chukua wewe, na mwambie Mama kwamba mwanawe amezidiwa na kazi. Sitanii. Mgahawa unakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Meza nne, nimepaka ukuta rangi ya bluu, na juu ya mlango nimechora papa mwenye meno mengi kuliko inavyopaswa. Asubuhi watu wanasimama mlangoni.

Nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa nane mchana, kama nyumbani. Kabichi, krimu, pilipili na ndimu nimeziweka kwenye meza ya pembeni, kila mtu ajipakie anavyopenda, kama nyumbani. Watu wa huku ni wa ajabu kidogo. Juzi mama mmoja aliingia, nikamkabidhi taco yake, chapati ya mahindi na samaki ndani, moto, inanukia. Akabaki ameishika tu. Nikamwambia, "Karibu kabichi, mama." Akasema, "Kijana, mimi ndiye mpishi au wewe?" Halafu akaomba uma! Taco ya samaki, kwa uma! Ningekuwa Mama ningemtoa nje kwa mwiko.

Papa hapatikani huku, natumia perege wa barafu. Si sawa, lakini si mbaya. Rojo natengeneza vile vile, unga, bia, haradali, oregano. Hivi, likikaa kutwa nzima linaharibika? Nauliza tu kwa kutaka kujua.

Chukua kibanda, Dada. Nimefurahi. Mwambie Tiburcio taco zangu zinatabasamu.

Evodio

*

Ensenada, 24 Oktoba 1988

Evodio,

Nilimsomea Mama barua yako Ijumaa. Aliomba nimsomee tena pale penye meza nne. Kisha akasema, "Basi, Mungu amzidishie," akarudi kukata kabichi. Hakusema kibanda ni changu. Hakusema si changu. Niliona inatosha. Jumamosi nikaenda kiwandani nikaaga. Msimamizi hata hakuuliza sababu. Wanapunguza watu, na mimi niliwarahisishia.

Kwa hiyo sasa nimebaki na kibanda tu. Naamka kabla ya jogoo wa jirani, nakwenda sokoni kuchagua papa, nachanganya rojo, na mikono inatulia. Asubuhi ni nzuri. Jana Tiburcio alikula akanyamaza mpaka mwisho, na kwa Tiburcio hiyo ni sifa.

Mchana ndio mbaya. Wateja wakiisha, barua yako inanirudia kichwani. Nakujibu ulichouliza: rojo likikaa kutwa linalala, gesi ya bia inatoka, samaki anatoka mafutani amevaa koti la mvua. Wewe unalijua hilo tangu ukiwa na meno ya utoto. Sasa nami nakuuliza. Mtu ambaye wateja wanasimama mlangoni kwake, rojo linabakije kutwa nzima?

Na jambo jingine. Barua nzima umenitajia mteja mmoja, na huyo aliomba uma. Kibandani najua nani ana kidonda cha tumbo asipewe pilipili, na nani kagombana na mkewe. Nitajie mteja wako mmoja kwa jina. Mmoja tu.

Fidencia

*

León, 2 Novemba 1988

Wifi Fidencia,

Utashangaa kupata barua yangu, kwa kuwa hatujawahi kuandikiana zaidi ya salamu za mwaka mpya. Evodio hajui kama naandika. Yuko nje anazunguka mtaa. Siku hizi anazunguka sana. Akikaa anatikisa mguu mpaka vikombe vinalia kabatini.

Umeuliza jina la mteja. Barua yako niliikuta mezani, nikamwuliza, "Utamjibu nini dada yako?" Akasema, "Nitamtajia Nazaria." Basi, ndiyo mimi. Mimi ndiye mteja.

Wifi, hakuna mtu. Wale wanaosimama mlangoni asubuhi wanauliza karakana ya viatu iko wapi, ambayo ni mlango wa pili. Anawaonyesha njia kwa adabu, anarudi ndani, anapanga tena ndimu. Saa nane anafunga, anabeba rojo na samaki waliobaki, anakuja nyumbani.

Na hapa ndipo pananipasua kichwa. Kwa kuwa hataki samaki watupwe, jioni anawakaanga jikoni kwetu. Rojo anatengeneza jipya, maana la mchana limekufa. Harufu inatoka dirishani, na majirani wanakuja! Mafundi viatu wametoka kazini, wana njaa, wanajazana jikoni kwangu wamesimama, hata mimi mwenyewe sipati pa kuweka mguu. Juzi fundi mmoja aliniambia, "Bibie, niwekee kabichi wewe, mikono yangu ina gundi, nisije nikala kabichi ya kiatu." Nikamwekea. Wenzake wote wakanyoosha mikono. "Na mimi! Na mimi! Krimu usinibanie!" Wakala mpaka samaki wakaisha, wakauliza kesho je.

Nikamwambia mume wangu, "Umeona? Fungua jioni. Huku asubuhi mtu anakunywa uji wa mahindi na mkate, taco ni ya jua likishazama. Na wapakie taco zao, wana gundi mikononi." Unajua alinijibu nini? "Samaki wa jioni ni wa paka. Mama akisikia nauza samaki usiku, atanikana." Nikamwambia, "Lakini jikoni kwetu wanakula." Akasema, "Hao ni wageni. Mgeni anakula chochote."

Kwenu Ensenada sijawahi kufika, sijui sheria zenu. Ila najua jambo moja: anatamani kurudi kwenu. Usingizini anataja majina ya mitaa. Aliposoma barua yako ya kwanza alikwisha kushusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati. Alipofika pale uliposema unakitaka kibanda, akalirudisha. Ndipo akakuandikia hayo ya meza nne.

Sikuandikii ili umpe chako. Naandika kwa sababu nyinyi wawili mnadanganyana kwa mapenzi, na anayelala na mguu unaotikisika ni mimi.

Wifi yako,
Nazaria

*

León, 9 Novemba 1988

Dada,

Sina jina la kukutajia. Haya, nimesema.

Mgahawa naufunga. Nimekubaliana na mwenye nyumba kwamba ufunguo narudisha Jumatatu tarehe 5 Desemba. Karakana ya jirani wamenipa kazi ya kukata soli, naanza siku inayofuata. Kazi si mbaya, unakaa kitini.

Usimwambie Mama. Na usianze kunihurumia ukaniachia kibanda. Nilikwambia chukua, na bado nasema chukua. Nikirudi huko, kila mtu atanitazama kama mtu aliyeshindwa, nawe utasimama pembeni na kabichi mkononi kama zamani. Hilo sitaki.

Sielewi tu nilikosea wapi. Nilifanya kila kitu kama Mama. Saa zile zile, meza ile ile ya pembeni. Hata kitambaa begani.

Evodio

*

Ensenada, Ijumaa, 11 Novemba 1988

Wifi Nazaria,

Barua yako ilifika jana. Nashukuru.

Nitakueleza nilivyofanya, kwa mpangilio. Kwanza niliifungia kwenye mfuko wa aproni nikaendelea kukaanga. Niliwaza hivi: nikinyamaza mpaka Krismasi, Mama atamaliza muda wake, kibanda kitabaki kwangu, na hakuna atakayesema nilikosea. Kazi ya kiwandani nimeiacha, na leo asubuhi nilipita pale kuuliza, nafasi hakuna. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu yenyewe ilikuwa nzuri.

Lakini nilikuwa namkaangia Mama kipande chake cha mwisho, kile cha mkiani anachokipenda, naye akasema, "Evodio naye sasa hivi atakuwa anafunga mlango, kachoka, mikono inanuka." Alisema kwa fahari. Sikuweza. Nikamwambia kila kitu mle mle, mbele ya Tiburcio na mafundi wawili wa nyavu: kwamba wateja hakuna, kwamba sanduku lilishushwa likarudishwa.

Mama aliifuta midomo. Akasema, "Mwandikie arudi. Kibanda kipo."

Nikasema, "Sawa, Mama."

Tiburcio akaniangalia. Akasema, "Doña Herme, na huyu je?" Mama akasema, "Huyu ana akili, hakosi pa kwenda."

Sasa usiku nazunguka uani kama mumeo mtaani. Sijamwandikia Evodio bado. Kuna jambo moja sikumwambia Mama: lile la jioni, na la kuwapakia watu kabichi. Niliona ni kumtukana. Unajua, wifi, hata mimi nilipolisoma nilishtuka. Hapa kwetu kibanda cha samaki kikiwaka taa jioni, watu watadhani kuna msiba. Wewe unasema jikoni kwako wanagombania. Nimejaribu kuliwaza, akili inakataa. Lakini na mimi niliwahi kukataa mayonezi kwenye krimu, na sasa naitia.

Nitalisema. Nangoja tu asubuhi moja ambayo magoti hayamwumi.

Fidencia

*

Ensenada, Ijumaa, 18 Novemba 1988

Evodio mwanangu,

Hii ni barua yangu mimi, Hermelinda, dada yako anaandika tu. Nimemwambia aandike kila neno ninalosema, asilainishe.

Ile barua yako ya kusema unafunga imefika jana. Umemwambia asiniambie, akaniambia. Usimgombeze. Asubuhi ile ile aliniambia pia hayo ya mkeo, ya kufungua jioni. Alisema akiwa ameshika mwiko mbele ya kifua, kama nitampiga. Nilimwuliza, "Hebu rudia, mtoto anafungua saa ngapi?" Akasema saa mbili asubuhi. "Na anafunga?" Saa nane mchana. "Na watu wanakuja jioni?" Wanajaza jikoni, Mama.

Nilicheka mpaka nikaomba maji. Dada yako akadhani naumwa.

Sikiliza, wewe mwenye kitambaa begani. Nani alikwambia asubuhi ni sheria? Mimi? Mimi nilisema samaki wa jioni ni wa paka kwa sababu nilikuwa na samaki wa jioni, na paka. Baba yenu alikuwa anashusha papa alfajiri, barafu hatukuwa nayo, barafu ilikuwa ya wenye meli. Ikifika saa nane jua limeshampiga yule samaki, ilikuwa lazima aishe au tumzike. Ningekuwa na barafu ningeuza mpaka Baba Padri anakwenda kulala. Baadaye barafu ikaja, watu walishazoea asubuhi, nami nilishazoea kulala mchana. Ndiyo hadithi nzima. Mkaifanya dini, wewe kule na huyu hapa.

Na kabichi je? Watu walijipakia wenyewe kwa sababu nilikuwa na mikono miwili na nyinyi wawili mgongoni. Fundi mwenye gundi, mpakie! Utakufa?

Una perege wa barafu, una jokofu, una mtaa mzima wa watu wanaotoka kazini na njaa, na unakwenda kukata soli. Nilipomwambia Tiburcio alisema, "Mtoto wako amefungua duka la miavuli akalifunga mvua iliponyesha." Nilimwambia anyamaze, lakini alisema kweli.

Kwanza nilitaka urudi. Dada yako aliandika hivyo kwa mkeo, na nilimaanisha. Sasa nimebadilisha. Usirudi, nakuja mimi. Rojo lako silijui tena, moto wa huko siujui, nataka kuona kwa macho yangu. Nitakaa kwenye kreti nyuma yako nikwambie lini ugeuze. Nitakaa mpaka nione umefungua mlango jioni bila kuona haya. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mpaka Pasaka. Nazaria aniandalie kitanda kisicho juu sana, kwa ajili ya magoti. Nasikia ana mdomo. Vizuri.

Ufunguo usirudishe kabla sijafika. Soli waambie wakate wenyewe.

Kibanda nakiacha kwa Fidencia. Andika hivyo, Fidencia, mbona umesimama? Namwambia amwite yule mchora mabango, afute jina langu juu ya kibanda, aandike lake, herufi kubwa, ili watu wakiumwa tumbo wajue wa kumlaumu. Likibaki langu nami sipo, si uongo huo? Basi.

Mama yako,
Hermelinda Arce, mjane wa Murillo

Evodio, ni mimi sasa, Mama amekwenda kujilaza.

Hayo ya bango nilimwomba ayarudie, akarudia kwa hasira, ndiyo maana wino umekwaruza pale. Baadaye nilimwuliza, "Na ukirudi Pasaka, Mama?" Akasema, "Nikirudi nitapanga foleni kama wengine." Sijui kama anamaanisha. Nimeamua kuamini maneno kama yalivyo.

Ulisema hujui ulikosea wapi. Mimi ningekosea hapo hapo. Ningefungua saa mbili asubuhi, ningekaa na kabichi yangu, ningelaumu watu wa León.

Anakuja na sufuria lake. Nilimwambia León kuna masufuria. Akaniuliza kama León kuna mama wengine pia. Leo nimenunua jipya sokoni, na jioni hii nimelichoma kwa mafuta ya nguruwe mpaka likaacha kunuka chuma. Kipande cha kwanza kilishika chini kikang'oka nusu. Cha pili kilitoka kizima. Nilikila nimesimama, peke yangu, na ndimu.

Sasa shika haya. Basi linaondoka Tijuana Jumanne tarehe 29, nitampandisha mwenyewe. Litafika kituo cha León Alhamisi, tarehe 1 Desemba, saa kumi na moja jioni. Mpokeeni wote wawili, maana sufuria ni zito na hatakubali kumpa mpagazi. Hapa mchora mabango anakuja Jumamosi tarehe 3, saa tisa alasiri, wateja wakishakwisha.

Dada yako,
Fidencia